Namna ya Kuongoza Somo la Uzima wa Milele Katika Jumuiya

Anayepewa zamu ya kuongoza somo la Biblia katika jumuiya ya mtaani hapa Dar es Salaam, akachagua mada ya uzima wa milele, mara nyingi hufungua Yohana 3:16, na hapo ndipo somo linapomfia mkononi. Wanajumuiya huikariri aya hiyo kwa sauti moja kama walivyofundishwa utotoni, kisha hunyamaza wakisubiri sala ya kufunga. Mimi mwenyewe nimeongoza masomo ya namna hiyo zaidi ya mara moja. Mwongozo huu ni kwa ajili ya kiongozi wa jumuiya, awe Mkatoliki, Mlutheri, Mwanglikana au Mpentekoste, na unapendekeza mikutano minne inayopita katika Injili ya Yohana kwa kulifuata neno lenyewe: uzima.

Anza kwa kujiandaa peke yako. Chukua penseli, isome Injili yote, sura 21, kwa jioni mbili au tatu, na upige mstari chini ya kila mahali panapotajwa uzima wa milele. Katika Kigiriki, lugha ambayo Injili hii iliandikwa, tamko hilo limo mara 17, na 12 kati ya hizo zimo katika sura ya 3 hadi ya 6; baada ya sura ya 12 halionekani tena mpaka Yesu anapomwomba Baba katika sura ya 17. Ukiitazama mistari yako utaona jambo ambalo msomaji wa haraka hulipita. Biblia ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952 na ambayo bado imo mikononi mwa wazee wengi, inasema katika 5:24 kwamba yeye alisikiaye neno la Yesu na kumwamini aliyempeleka “yuna uzima wa milele”. Vijana wa leo hawalisemi neno “yuna”, na baadhi yao hudhani ni kosa la uchapaji, kwa hiyo waeleze kwamba maana yake ni “ana”. Si “atakuwa na”. Waandikie maneno hayo mawili, “ana” na “atakuwa na”, kwenye karatasi, uyaweke pale mkekani mbele ya wote, kwa sababu mikutano yote minne itayarudia.

Hakikisha pia kwamba zipo angalau tafsiri mbili. Aliyebeba Biblia ya Habari Njema atasoma “uhai wa milele” mahali ambapo jirani yake anasoma “uzima wa milele”, na tofauti hiyo ni ya thamani kuliko maelezo yoyote utakayoyaandaa. Uhai ni hali ya kutokufa: mti una uhai, na kuku pia anao. Uzima kwa Mswahili ni zaidi ya hapo, kwa kuwa unabeba afya na ukamilifu, tunaulizana “u mzima?” kabla hata hatujaulizana habari za kazi, na kitu kisicho na ufa tunakiita kizima. Ninapendelea kuanza na uzima. Hata hivyo, neno hili lina mtego wake, na mtego huo nilionyeshwa na bibi mmoja kule Tabata, ambaye baada ya kunisikiliza kwa saa nzima aliniuliza kwa upole, “Mwalimu, kama uzima ninao tangu sasa, mbona miguu inanikataa?” Siku ile sikuwa na jibu. Nitarudi kwake katika mkutano wa nne, ambako ndiko jibu liliko.

Mkutano wa kwanza uwe wa sura ya 3, lakini usianzie aya ya 16. Anzia aya ya 14 na ya 15. Pale Yesu anamwambia Nikodemo, mwalimu wa Israeli aliyemjia usiku, kwamba kama Musa alivyomwinua nyoka jangwani, vivyo hivyo Mwana wa Adamu hana budi kuinuliwa, ili kila mtu aaminiye awe na uzima wa milele katika yeye. Hapo ndipo tamko hilo linapotokea mara ya kwanza katika Injili nzima. Mtu mmoja asome kisa chenyewe katika Hesabu 21, kisha uliza swali moja tu: waliong'atwa na nyoka walitakiwa wafanye nini? Watu watataja toba, sadaka na kufunga, nawe utawarudisha kwenye maandishi mpaka wenyewe waone kwamba walitakiwa kutazama. Ni vyema kiongozi afahamu kwamba Yohana, katika Kigiriki chake, halitumii kabisa jina “imani” katika Injili hii. Hutumia kitenzi “kuamini”, tena na tena. Kuamini kwake ni tendo la mtu kumtazama mtu mwingine na kujikabidhi kwake, wala si akiba ambayo mmoja anayo nyingi na mwenzake kidogo. Waliozoea kupima imani kwa kiasi cha makelele ya maombi watahitaji muda kulizoea jambo hili, nawe usiwaharakishe.

Kwa mkutano wa pili, ikiwezekana, keti uani badala ya sebuleni, karibu na ndoo na madumu, maana sura ya 4 ni sura ya maji. Mwanamke Msamaria anakuja kwenye kisima cha Yakobo “yapata saa sita”, na hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati, kwa kuwa Wayahudi, kama sisi, walihesabu saa za mchana tangu jua kuchomoza. Saa sita ya Yohana ni saa sita yetu ya mchana, jua likiwa utosini. Wahubiri wengi husema mwanamke huyo alichagua saa hiyo kwa kuwaogopa majirani wenye maneno. Huenda ni kweli, lakini Yohana hakuandika hivyo, na kiongozi mwangalifu atawaambia wenzake ni lipi limeandikwa na ni lipi linalokisiwa.

Kisha waache wazungumze kuhusu maji ya hapa mjini. Waliopanga Mbagala, Kimara au Gongo la Mboto wanajua maana ya bomba lililokauka, kumsubiri mwenye boza, na kuuliza kabla ya kulipa kama maji ni ya kisima cha chumvi, ambayo yanafulia lakini hayakati kiu. Wakishasema ya kwao, soma aya ya 13 na ya 14, ambapo Yesu anatofautisha maji ambayo anayeyanywa ataona kiu tena na maji atakayotoa yeye, ambayo yatakuwa ndani ya mtu chemchemi inayobubujikia uzima wa milele. Waelekeze kwenye neno “ndani”. Kiu ya mwanamke huyu ilikuwa imempeleka kisimani kila siku, na anachoahidiwa si kisima kilicho karibu zaidi na nyumba yake. Ni kwamba chemchemi yenyewe itahamia kwake. Baada ya hapo Yohana anataja kitu kidogo ambacho ni rahisi kukiruka: mwanamke aliuacha mtungi wake, akaenda zake mjini. Waulize kwa nini aliuacha, na uwe tayari kusikia majibu ambayo wewe hukuyafikiria.

Mkutano wa tatu, kuhusu mkate wa uzima katika sura ya 6, uwe mfupi, nami nina sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba jumuiya za mitaa yetu huwa na wageni wa madhehebu mbalimbali, na aya za 51 hadi 58, zinazosema juu ya kuula mwili na kuinywa damu, Wakatoliki huzisoma kama mafundisho ya Ekaristi, hali Wakristo wengine huzielewa kwanza kama lugha ya kumwamini Kristo na kumpokea. Kila mmoja aseme alivyofundishwa kanisani kwake, na kiongozi asijifanye hakimu. Ya pili ni kwamba kiini cha sura kwa ajili ya mada yetu kimo mapema zaidi, katika aya ya 26 na ya 27, ambapo Yesu anawaambia watu waziwazi kwamba wanamtafuta kwa sababu walikula ile mikate wakashiba. Zungumzeni hilo kwa uaminifu. Katika mji ambamo maji na mafuta ya upako huuzwa kwa chupa, na mabango ya mikutano huahidi nyumba, gari na mchumba, ni lazima mtu aulizwe bila kukwepa kama anamtaka Yesu au anataka mikate yake. Mimi siamini kwamba kuomba riziki ni dhambi; sala aliyotufundisha Bwana inaiomba. Lakini uzima wa milele katika sura hii unatolewa bure, na mwenye kuupangia bei ameshauacha mfano wa mkate wenyewe.

Mkutano wa nne ndio mzito, nao upewe muda wa kutosha, hata ikibidi kuugawa mara mbili. Soma sura ya 11 yote kwa sauti, wasomaji wakigawana nafasi ya Martha, Mariamu, Tomaso na Yesu. Watu wa hapa hawahitaji kuelezwa mazingira yake, kwa sababu ni msiba wa Lazaro, ndugu yao Martha na Mariamu. Bethania, kijiji chao, kilikuwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Yerusalemu, kama mtu atokaye Magomeni kwenda Kariakoo, na watu wa mjini walikuwa wamekuja kuhani, kama sisi tunavyojaa chini ya maturubai tukiwa na kanga mabegani na daftari la michango likizunguka. Katika msiba huo Martha anasema neno ambalo kila mfiwa amelisema: “Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa.” Simama hapo kwa muda. Mariamu atalirudia neno lilelile katika aya ya 32, na Yesu hamkemei hata mmoja wao.

Kisha nenda taratibu sana katika aya ya 23 hadi ya 26. Yesu anasema ndugu yake atafufuka, na Martha anajibu kama mwanafunzi mzuri wa katekisimu kwamba anajua atafufuka siku ya mwisho. Jibu lake ni sahihi, na Yesu halikanushi. Lakini Martha ametaja siku, naye Yesu anamjibu kwa kujitaja mwenyewe: “Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima.” Waombe wanajumuiya waseme kwa maneno yao ni nini kimebadilika kati ya sentensi hizo mbili. Hapa ndipo somo zima linapokaa, kwa sababu wengi wetu tunauwazia uzima wa milele kama kiwanja kilicholipiwa mbali na mji, ambacho tutakwenda kukijenga siku moja, na Yesu anauweka mbele ya Martha akiwa amesimama njiani na vumbi la safari miguuni.

Sasa mrudie yule bibi wa Tabata. Mistari hiyohiyo inasema “ajapokufa, atakuwa anaishi”, maana yake ni kwamba kifo kimo ndani ya ahadi na hakikufichwa. Lazaro alitoka kaburini, lakini sura ya 12 inatuambia makuhani wakuu walifanya shauri la kumwua naye pia, kwa hiyo mwili aliorudi nao ulikuwa bado ni wa kufa. Uzima ambao Yesu anautoa haufanani na afya, ingawa Kiswahili chetu kinayaita yote mawili kwa jina moja, na mtu anaweza kuwa nao akiwa na magongo mawili. Ufafanuzi wa uzima huo uko katika 17:3, nao ndio pekee ambao Yesu anautoa katika Injili hii: “Na uzima wa milele ndio huu, Wakujue wewe, Mungu wa pekee wa kweli, na Yesu Kristo uliyemtuma.” Ni kumjua, kama mtu anavyomjua mumewe au mama yake, ujuzi unaoanza leo na ambao, kwa mujibu wa Wakristo, kaburi haliwezi kuukata. Nilipomsomea bibi aya hiyo miezi kadhaa baadaye, alisema, “Basi huo ninao,” akaomba asaidiwe kuinuka.

Akitokea jirani Mwislamu aliyeketi kusikiliza, jambo la kawaida katika nyumba zetu za kupanga, mpe kiti na chai, na usiligeuze somo kuwa mjadala. Akiuliza, mjibu alichouliza. Na akitokea mtu anayesema anataka kuamini, omba pamoja naye palepale kwa maneno mafupi, kisha umpeleke kwa katekista au mchungaji wa karibu ndani ya juma hilohilo, kwa kuwa mafundisho ya ubatizo yana utaratibu wake. Karatasi yenye maneno yale mawili mpe aende nayo.