Mtoto amekula dawa ya panya na bado anacheza: fanya hivi

Zipo dawa za panya zinazoua kwa kuzuia damu kuganda. Siku ya kwanza aliyezimeza kwa kawaida hatapiki, haumwi tumbo wala halegei. Mtoto aliyekula asubuhi, jioni anakimbiza mpira uwanjani, na nyumba nzima inashukuru Mungu kwamba imepona. Mimi ninayepokea wagonjwa wa dharura naiogopa jioni hiyo, kwa sababu damu huanza kuvuja siku ya pili au ya tatu, wakati mwingine hata baadaye.

Hatua ya 1: Mdomo na mikono

Toa mabaki mdomoni kwa kitambaa chenye maji, msukutue kama anaweza, mnawishe kwa sabuni na mvue nguo zilizoshika dawa. Usimtapishe. Usimnyweshe maziwa, mafuta ya kula, mayai mabichi wala mkaa wa jikoni uliosagwa. Tazama saa, kisha kadiria chambo kilichopungua.

Hatua ya 2: Beba pakiti uende nayo hospitalini

Hapa naomba utulie, maana matibabu yote yanategemea jina la sumu. Zinazozuia damu kuganda huwa na majina kama warfarini, bromadioloni, brodifakumu, difenakumu au flokumafeni. Usiamini rangi: buluu, kijani, nyekundu na waridi hutiwa kwenye sumu za aina nyingi.

Vifuko vya mitaani visivyo na lebo vinaweza kuwa na kitu kingine kabisa. Unga wa kijivu au mweusi wenye harufu ya kitunguu saumu huenda ni zinki fosfidi, ambayo hutoa gesi ya sumu ikikutana na asidi ya tumbo. Dawa za jamii ya karbameti huleta mate mengi, jasho, kupumua kwa shida na degedege ndani ya muda mfupi. Kama hujui alichokula, usikae kungoja dalili: kimbilia hospitali sasa hivi.

Hatua ya 3: Pima damu siku ya tatu

Ini hutengeneza protini za kugandisha damu kwa msaada wa vitamini K. Sumu inayozuia damu kuganda huzuia ini kuitumia tena vitamini hiyo, hivyo protini mpya zinazofaa hazitengenezwi. Zile za zamani bado zimo kwenye damu: mojawapo hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6 hivi, nyingine huchukua zaidi ya siku 2. Ndiyo maana kipimo cha saa ya kwanza kikisoma vizuri hakijamaliza kazi. Kipimo kinachotuambia ukweli ni INR ya kati ya saa 48 na 72 tangu ameze; INR ni namba inayopanda kadiri damu inavyochelewa kuganda. Kwa mtu mwenye afya njema husoma karibu na 1.

Je, kiasi alichokula ni kikubwa? Chambo cha brodifakumu mara nyingi kina asilimia 0.005 ya sumu, kwa hiyo kipande cha gramu 20 kina miligramu 1. Mtoto aliyeonja punje chache kwa kawaida hadhuriki. Hata hivyo, hesabu hiyo inafaa pale tu lebo inapoaminika. Mtu mzima aliyemeza kwa kukusudia humeza nyingi zaidi; huyo alazwe, asiachwe peke yake, na asisimangwe.

Hatua ya 4: Mkiwa nyumbani mkisubiri kipimo

Angalia fizi zinazovuja damu, damu puani, mkojo mwekundu, choo cheusi kama lami, na ngozi inayovilia damu bila kugongwa. Kichwa kikali cha ghafla au usingizi usio wa kawaida unaweza kuwa damu inayovuja ndani ya ubongo, usisubiri kukuche. Usimpe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki.

Kusanya chambo chote kilichobaki. Panya waliokufa wazike kwa kina, ukiwa umevaa glavu, kwani paka, mbwa na bundi wakimla panya mwenye sumu nao huvuja damu.

Hatua ya 5: Kwa mhudumu wa afya

Huna kipimo cha INR? Tumia kile cha dakika 20 tunachotumia kwa walioumwa na nyoka: mililita 2 za damu ya mshipa kwenye neli ya kioo safi na kavu, isiwe ya plastiki. Iache dakika 20 bila kuitikisa, kisha iinamishe. Ikimiminika, mpe rufaa mara moja. Ikiganda, bado hujamwondolea mgonjwa hatari. Mpeleke kwenye INR.

Epuka sindano za msulini. Usimpe vitamini K siku ya kwanza eti kwa tahadhari, kwani itaficha tatizo kwenye kipimo kinachofuata. INR ikipanda, dawa ni vitamini K1. Vitamini K3 haifai, na sukuma wiki, pamoja na utajiri wake wa vitamini K, haiwezi kazi hii. Anayevuja damu nyingi huhitaji pia plazma, yaani majimaji ya damu yenye protini za kugandisha.

Warfarini huondoka mwilini kwa siku chache. Brodifakumu hukaa kwenye ini muda mrefu, na wapo wanaomeza vitamini K1 kila siku kwa miezi. Vidonge vikisimamishwa, rudia INR baada ya saa 48, kisha tena siku chache baadaye. Ikipanda, anza upya.