Mambo ya kuzingatia kabla ya kufungua mtambo kiwandani

Kama kesho kiwandani kwenu kuna usafi au matengenezo ya mitambo, maandalizi yanaanza leo jioni. Asubuhi spana zikiwa mkononi, umeshachelewa. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye viwanda vya sabuni na rangi hapa Dar es Salaam, na ajali zilizoniumiza moyo karibu zote zilitokea mtambo ukiwa umesimama. Ukiwa unazunguka, kila mtu anauogopa. Ukizimwa ndipo watu wanaingiza mikono.

Anza na umeme. Katika kiwanda kimoja kando ya Barabara ya Nyerere, umeme ulikatika asubuhi, kijana mmoja wa kibarua akaona hiyo ndiyo nafasi ya kukwangua sabuni iliyogandia kwenye mapanga ya mikisa, yaani mashine ya kuchanganyia. Kifuniko kilikuwa na swichi ya kukata umeme pale kinapoinuliwa, lakini kwa wiki kadhaa ilikuwa imekazwa kwa waya ili kazi isisimamesimame. Swichi ya mikisa yenyewe iliachwa kwenye kuwaka. Aliyekwenda kuwasha jenereta alikuwa nyuma ya jengo, hamwoni. Jenereta ilipochukua mzigo, mapanga yakageuka. Kijana alipoteza vidole viwili. Mimi ndiye niliyemfunga kitambaa, na ule waya bado ulikuwa unaning'inia pale kwenye kifuniko.

Kwa hiyo umeme kukatika hakuhesabiki kama kuzima. Tafuta swichi ya mtambo husika, iliyo baada ya swichi ya kubadilishia umeme na jenereta, izime, kisha iwekee kufuli. Kila anayegusa mtambo aweke kufuli lake na kadi yenye jina lake, na ufunguo ukae mfukoni mwake, siyo ofisini kwa msimamizi. Kutoa fyuzi hakutoshi, maana atakuja mtu mwingine na kuirudisha kwa nia njema kabisa. Ukimaliza kufunga, bonyeza kitufe cha kuwashia uone kama kweli umekufa. Na kagua kinga zote: ya mkanda wa mota, ya konveya, ya kapilingi inayounganisha mota na mashine. Kinga iliyoegemezwa ukutani na kugeuzwa kitundikio cha mashati inakwambia kiwanda hicho kinaishije.

Ila umeme ni nguvu moja tu. Kwenye mabomba kuna presha, mvuke, na kostiki (soda kali ya kutengenezea sabuni) au asidi iliyotulia kimya ikisubiri njia. Usiamini vali moja iliyofungwa, kwa sababu vali huvuja. Kwa kemikali kali, tenganisha bomba au ingiza bamba la kuziba katikati ya flenji, yaani maungio ya bomba yanayobanwa kwa bolti. Wala usiamini geji. Hewa yetu ya chumvi inakula vyuma, na geji iliyoganda kwenye sifuri inafanana kabisa na geji inayosema kweli. Huko Texas City, Marekani, tarehe 23 Machi 2005, kwenye kiwanda cha kusafishia mafuta, kipimo cha kina kilionyesha kimiminika kinashuka wakati mnara unafurika. Ukatokea mlipuko, watu 15 wakafa. Fungua tundu la kutolea hewa kwanza. Ukifika kwenye flenji, simama pembeni na ulegeze kwanza bolti zilizo mbali nawe, ili kitakachoruka kirukie upande wa pili.

Kuingia ndani ya tenki ni kazi ya kibali cha maandishi, hata kama tenki limeoshwa na halinuki. Hewa ipimwe na kifaa: oksijeni isipungue asilimia 19.5, kisha gesi za sumu na zinazowaka. Nje abaki mtu ambaye kazi yake ni moja tu, kumwangalia aliye ndani, akiwa ameshika kamba. Naomba hili lirudiwe mbele ya shifti nzima: mwenzako akianguka ndani, usiingie kumfuata bila mtungi wa hewa. Uchungu wa undugu ndio unaoua wa pili, na wa tatu.

Halafu maji. Kostiki ikiingia jichoni inataka maji mengi papo hapo, kwa dakika 15 au zaidi, kabla ya kufikiria gari la kwenda hospitali. Basi leo jioni fungua bomba la kuoshea macho uone. Je, maji yanatoka hata yale ya mtaani yakikatika? Je, bomba linapita juu ya paa? Saa saba mchana maji ya kwanza yanayotoka humo yanaweza kuunguza mkono, sembuse jicho. Bomba lifunikwe au lizikwe.

Mahali pa kukusanyikia wakati wa hatari pawe pawili. Kibao kimoja kilichosimikwa getini miaka kumi iliyopita hakijui kama leo ni kaskazi au kusi. Klorini ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini kuelekea upepo unakoenda, na nyuma ya ukuta wa viwanda vyetu vingi kuna nyumba za watu. Tundika kitambaa chepesi juu ya mlingoti, kila mtu akijue, na watu wakimbie wakikatiza upepo kwenda unakotokea.

Karatasi ya usalama ya kila kemikali iwe kwa Kiswahili na isomwe kwa sauti kwa vibarua wa siku hiyo, maana wao ndio hawajui kitu na ndio wanaotumwa kwanza. Hati ya ukaguzi wa boila na mitungi ya presha kutoka OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, iwe haijaisha muda. Namba ya Zimamoto, 114, iandikwe kwa rangi ukutani.

Kazi ikiisha, hesabu spana na watu. Rudisha kinga na bolti zake zote, siyo mbili za kushikizia. Kila mmoja atoe kufuli lake kwa mkono wake mwenyewe, na kama kuna kufuli moja limebaki, mtambo hauwashwi hadi mwenyewe aonekane kwa macho.