Kutengeneza filamu ya hali halisi pamoja na manusura wa shambulio la kibaguzi

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba 1992, Manazi mamboleo wawili walichoma moto nyumba mbili za familia zenye asili ya Uturuki katika mji wa Mölln, kaskazini mwa Ujerumani. Bahide Arslan, mjukuu wake Yeliz Arslan, na Ayşe Yılmaz walifariki. Mamia ya barua za pole ziliandikwa kwa familia hizo, lakini ziliishia kwenye hifadhi ya nyaraka ya mji, na walioandikiwa hawakujua habari zake kwa zaidi ya robo karne. Tunatumia kisa hiki kama mfano kwa sababu kinaonyesha kosa kubwa kuliko yote: watu wengine kupokea, kujibu na kukumbuka kwa niaba ya waliopatwa. Filamu nayo yaweza kulirudia kosa hilo kwa urahisi.

Ridhaa kabla ya kamera

Nenda angalau mara mbili mikono mitupu, bila kamera wala kinasa sauti. Fomu ya ridhaa iwe na mistari tofauti kwa sura, sauti, jina kamili, mtaa anapoishi, picha za familia na barua. Mtu anaweza kukubali sauti yake isikike akakataa sura yake ionekane. Andika wazi hadi tarehe gani anaweza kujiondoa; kwa kawaida ni siku ile uhariri wa picha unapofungwa, yaani picha hazibadilishwi tena.

Usichukue saini siku ya kurekodi. Mtu ambaye sebule yake imeshajaa taa, nyaya na wageni wanaokunywa chai yake huona haya kukataa, na ridhaa ya namna hiyo huvunjika filamu ikiwa karibu kutoka. Pia usipige simu ya kwanza majuma machache kabla ya kumbukizi. Wakati huo kila chombo cha habari kinamtafuta, na wewe utakuwa mmoja wao tu.

Barua na nyaraka

Ombi la kuona nyaraka liandikwe na familia yenyewe, au pamoja nayo, na wao wawe wa kwanza kuzifungua. Hakikisha mnaelewana kisheria: karatasi ni mali ya aliyeandikiwa, lakini haki ya kuchapisha maneno yaliyomo hubaki kwa mwandishi au warithi wake. Kwa hiyo tafuta waandishi, omba ruhusa, na ufiche anwani zao za nyumbani kwenye picha.

Karatasi hushikwa kwa mikono safi iliyokauka. Glavu za pamba hupunguza hisia za vidole, na ndizo zinazochana kingo. Skani kwa dpi 600 (idadi ya nukta kwa kila inchi). Barua ya A4 itakupa upana wa pikseli 4960, unaotosha kupitisha kamera polepole juu ya mwandiko katika filamu ya 4K (picha yenye upana wa pikseli 4000 hivi). Ukiskani kwa dpi 300 unapata 2480, na mwandiko utatoka na ukungu. Usisahau kuskani bahasha na upande wa nyuma. Mihuri, mihtasari ya maofisa na tarehe za kupokelewa ndivyo vinavyoeleza barua ilipitia mikono ya nani.

Siku ya mahojiano

Manusura achague mahali na lugha. Mtoto wa familia asifanywe mkalimani. Atalazimika kutamka kinywani mwake kifo cha ndugu zake. Kwa aliyenusurika moto, tumia taa za LED. Taa za zamani huchoma vumbi na kutoa harufu, na harufu humrudisha mtu kule kabla hujauliza lolote. Kiti chake kitazame mlango. Kubalianeni ishara ya kusimama, na mtu anayemwamini awe chumbani.

Maikrofoni ya kubana nguoni ikae sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, nyingine juu ya kichwa kama akiba. Rekodi kwa 48 kHz, biti 24 (viwango vya ubora wa sauti), sauti ya juu ikicheza karibu na desibeli -12 kwenye kipimo cha kinasa, maana mtu anaweza kunong'ona kisha akapaza sauti ghafla. Zima friji, na uweke funguo za gari ndani yake. Hutaweza kuondoka bila kuiwasha tena.

Usianze na usiku wa tukio. Anza na waliokufa walipokuwa hai: walipika nini, walicheka na nani. Kisha uliza yaliyofuata: nani alikuja, nani hakuja, familia ilipata wapi pa kulala, mji uliweka kumbukizi bila kuwauliza au la. Humo ndimo filamu ilimo. Ibrahim Arslan, aliyenusurika Mölln akiwa na miaka saba, amesisitiza kwamba manusura ni mashahidi wakuu wa tukio. Basi maswali yako yamwombe ushahidi, yasimwombe machozi. Dakika 90 zatosha. Kesho yake piga simu.

Chumba cha uhariri

Usiigize moto. Majina na nyuso za wauaji hazina kazi isipokuwa pale hukumu inapoelezwa.

Majina ya waliouawa yaandikwe kamili, na fonti ijaribiwe mapema. Chukua majina ya Hanau, mji mwingine wa Ujerumani, ambako watu tisa waliuawa katika shambulio la kibaguzi tarehe 19 Februari 2020: Kurtović, Păun, Saraçoğlu. Fonti nyingi za bure huweka kisanduku kitupu mahali pa ğ au ă, na kisanduku hicho kikionekana ukumbini mama mzazi hasahau.

Manukuu ya Kiswahili, yaani maandishi ya tafsiri chini ya picha, hujaa haraka kwa sababu vitenzi vyetu ni virefu. Mstari usizidi herufi 42, mistari isizidi miwili. Fupisha sentensi, usipunguze ukubwa wa herufi.

Rasimu ionyeshwe kwanza kwa familia, nyumbani kwao, wiki mbili au zaidi kabla ya kufunga uhariri, ili marekebisho yawe bado yanawezekana. Kagua namba za nyumba na za magari zinazoonekana nyuma; vitisho dhidi ya manusura havikomi na hukumu. Onyesho la hadhara likifika, wanaosimama kuzungumza walipwe kama mzungumzaji yeyote, na mwendeshaji apokee maswali kwa karatasi ili ayachuje. Mahojiano yao yote yasiyokatwa, pamoja na skani za barua, yakabidhiwe familia kwenye diski mbili.