Kabla hujamwuliza mtoto kwao ni wapi

Mwaka 2014 nilifanya kosa darasani ambalo hadi leo linaniuma. Nilikuwa nafundisha darasa la tano huku Kwale, mada ni makabila ya Kenya. Nikamtaka kila mtoto asimame ataje kabila lake. Msichana mmoja akasimama, akanyamaza. Jirani yake akamjibia: "Huyu si Mkenya, mwalimu. Ni Mmakonde." Darasa zima likaangua kicheko.

Kesho yake hakuja shule. Siku ya tatu akaja nyanya yake, akaketi kwenye benchi nje ya afisi. "Mwalimu," akaniambia, "mimi nimezaliwa Ramisi, hapa hapa Kwale. Mama yake kazaliwa Ramisi, na yeye kazaliwa hapo hapo. Ulitaka akujibu nini?"

Sikuwa na la kumwambia ila samahani. Haya ninayokuandikia, mwalimu mwenzangu, nimeyajenga kidogo kidogo tangu siku ile.

La kwanza: usimsimamishe mtoto awe mfano wa watu wake. Anza na vitu. Mimi huandika ubaoni maneno sita: duka, gari, laki, bima, chapati, kachumbari. Nawauliza yametoka wapi. Watabisha, watasema ni Kiswahili, na ni kweli ni Kiswahili. Ndipo nawaambia yalitufikia na watu waliovuka bahari kutoka Bara Hindi. Hapo hakuna mtoto anayeaibika, kwa sababu kila mmoja amekula chapati.

Kutoka hapo ingia kwenye reli. Wape tarakimu wazifanyie hesabu wenyewe. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta vibarua wapatao 32,000 kutoka India kujenga reli ya Mombasa hadi Kisumu. Karibu 2,500 walikufa. Waliobaki Afrika Mashariki kazi ilipokwisha ni kama 6,700 tu. Reli ile ni zaidi ya kilomita 900, basi waulize: kila kilomita iliondoka na watu wangapi? Watoto wangu wakishagawanya hunyamaza, nami siwaharakishi.

Hapo hapo sahihisha jambo moja ambalo hata sisi walimu hulikosea. Si kila Mhindi wa Kenya ni mjukuu wa kibarua wa reli. Wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa pwani hii miaka mingi kabla ya reli. Alidina Visram alikuwa na maduka kwenye njia za misafara kuelekea Uganda kabla treni haijafika huko.

Sasa Wamakonde, na hapa usiwe na haraka. Walitoka Msumbiji, wengi wao kuanzia miaka ya 1930, kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na ya miwa hapa pwani. Wengine walikuja baadaye wakikimbia vita vya ukombozi kwao. Kwa miongo mingi walizaliwa, wakaoa na kuzikwa hapa bila vitambulisho. Waeleze watoto maana yake kwa maisha ya nyumbani: bila kitambulisho husajili laini ya simu kwa jina lako, hufungui akaunti ya benki, hupati hati ya shamba. Waambie waorodheshe kila jambo ambalo mzazi wao alitoa kitambulisho wiki ile. Mwaka jana orodha ilijaa ubao.

Kisha simulia Oktoba 2016, Wamakonde walipofunga safari ya miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi kumwona Rais. Rais aliagiza wapewe vitambulisho, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wahindi wakafuata kama la 44, Julai 2017. Lakini chunga: mtoto akisikia "kabila la 43, mwaka 2017" atadhani walifika mwaka huo. Chora mstari wa miaka ukutani, uweke alama mbili, ya kufika na ya kutambuliwa. Ile nafasi katikati ya alama ndiyo somo lenyewe.

Kwenye mstari huo huo waongeze Wanubi, uzao wa askari wa Sudan waliotumikia Waingereza, ambao hati ya ardhi yao ya Kibra, ekari 288, waliipata 2017. Washona, watu wa asili ya Zimbabwe, waliokuja kuhubiri mwanzoni mwa miaka ya 1960. Na Wapemba, wavuvi wa pwani yetu, waliotambuliwa 2023. Hawa huhitaji kipindi kimoja tu.

Tarajia maneno makali. Kuna mwaka mvulana alisema, "Wahindi wanatudharau, baba yangu anafanya kazi kwao." Usimnyamazishe. Baba yake anajua analolisema. Nilimwambia hivyo, kisha nikawaeleza jinsi serikali ya kikoloni ilivyotenga shule, hospitali na mishahara kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Halafu nikawapa Wakenya wawili wa asili ya Kihindi: Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, aliyedai uhuru hadharani Nairobi mwaka 1950 na kuzuiliwa hadi 1961, na Pio Gama Pinto, mwanasiasa mzaliwa wa Nairobi, aliyeuawa kwa risasi Februari 1965. Yule mvulana hakubadili maneno yake siku ile, nami sikumlazimisha.

Mwisho, alika mzee. Mtembelee kwanza nyumbani, umuulize ni lipi hataki kuulizwa. Mlipie nauli. Watoto waandike maswali mapema, nawe uyapitie, na ufute kila swali lenye "nyinyi" na "sisi". Wamwamkie shikamoo, wakae chini naye akae kwenye kiti.

Muhula uliopita alikuja mzee mmoja Mmakonde, mchongaji. Nilitarajia wamuulize juu ya vita. Swali la kwanza lilikuwa: "Babu, mti gani ni mgumu zaidi kuchonga?" Akacheka, akatoa kipande cha mpingo mfukoni, akakipitisha mkono kwa mkono hadi safu ya nyuma.