Gongo la besiboli si sare ya shule: namna ya kumchagulia mtoto saizi na uzito

Kwanza tuelewane kwenye jina. Nikisema gongo sisemi lile la kunywa, Watanzania wenzangu msianze. Nasema la kupigia mpira.

Naishi Minnesota. Kabla mwanangu hajaanza mchezo huu, besiboli niliijua kwa jambo moja tu: mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikwenda Williamsport, Pennsylvania, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya Little League, ligi ya besiboli ya watoto. Zaidi ya hapo sikujua hata upande gani wa gongo unashikwa.

Kijana alipofika miaka 8 nikaingia dukani na akili ya nyumbani: kitu cha mtoto hununuliwa kikubwa, akue nacho. Si ndivyo tulivyovalishwa sisi? Kaptula ya darasa la kwanza unaikaza kwa kamba, darasa la nne bado unayo. Nikachukua gongo la inchi 31, aunsi 26. Mtoto mwenyewe kimo futi 4. Wiki baada ya wiki mpira ulikuwa umeshatua kwenye glavu ya mdakaji, ndipo yeye anamalizia kuzungusha. Nilidhani macho yana tatizo, nikampeleka kupimwa, macho mazima. Mwezi wa Juni kocha akanivuta pembeni, akampa gongo la timu, inchi 27, aunsi 17. Zile aunsi 9 za tofauti ni kama gramu 255, yaani robo kilo ya sukari. Jioni ile ile mpira ukapita juu ya kichwa cha mrushaji. Mimi ndiye niliyekuwa nimembebesha mchi wa mama yake.

Basi fuateni hivi.

Hatua ya 1: Uliza ligi kabla ya kuuliza bei

Ligi nyingi za watoto Marekani, Little League ikiwemo, zinataka gongo lenye muhuri wa USABat, yaani limepimwa likakidhi kiwango cha magongo ya watoto. Sheria hiyo ilianza tarehe 1 Januari 2018, kwa hiyo gongo la zamani la binamu yake huenda halikubaliki hata kama ni zima kabisa. Timu zinazosafiri kucheza mashindano mara nyingi hutumia muhuri mwingine, USSSA, na sekondari wana wao, BBCOR. Muhuri hupigwa kwenye gongo lenyewe. Gongo la mbao la kipande kimoja halihitaji muhuri wa USABat. Wadogo wanaopiga mpira uliotegwa juu ya kinguzo wana magongo yao, hayazidi inchi 26, na yameandikwa kwamba ni ya mipira ile laini tu. Mtoto akikamatwa na gongo lisiloruhusiwa akiwa zamu ya kupiga, anahesabiwa ametoka. Ulilipa wewe, anayelia ni yeye.

Hatua ya 2: Pima urefu mtoto akiwepo

Usinunue akiwa shuleni eti umfanyie mshangao. Msimamishe wima, weka kitako cha gongo (kile kifundo cha mwisho wa mpini) katikati ya kifua chake, gongo lielekee pembeni sambamba na mkono alioukunjua. Vidole vikifika kwenye ncha na kuweza kuishika, urefu unafaa. Vikiishia njiani, rudisha rafuni. Njia nyingine: gongo lisimame kando ya mguu, ncha chini, kitako kikigusa katikati ya kiganja mkono ukiwa umening'inia, umepata.

Kwa makadirio, miaka 5 hadi 7 huangukia inchi 24 hadi 26, miaka 8 na 9 inchi 26 hadi 28, miaka 10 inchi 28 au 29, na miaka 11 na 12 inchi 30 au 31. Lakini umri unadanganya. Nina mpwa wa miaka 9 anayevaa viatu vyangu. Amini mkono wa mtoto kuliko jedwali.

Hatua ya 3: Uzito, na ile namba yenye alama ya kutoa

Hapa ndipo wengi wetu tunapopotea. Kwenye gongo utaona kitu kama -10. Hiyo wanaiita dropu: chukua uzito kwa aunsi, toa urefu kwa inchi. Gongo la inchi 28 lenye dropu ya -10 lina aunsi 18. Lenye -5, urefu ule ule, lina aunsi 23. Kwa hiyo namba ikiwa kubwa baada ya ile alama, gongo ni jepesi. Watoto wadogo wengi wanafaa kati ya -10 na -13. Wakikua dropu inapungua, na wakifika sekondari sheria yenyewe inawataka -3.

Watu husema gongo zito hupeleka mpira mbali. Ni kweli, likiufikia. Mpira unamsubiri mpigaji chini ya sekunde moja, na mtoto aliyebeba mzigo huanza kuzungusha mapema kwa kubahatisha, au huchelewa. Akichelewa anaangusha bega la nyuma ili alivute, na tabia hiyo inakaa. Wangu alihitaji msimu mwingine mzima kuiacha.

Tena magongo mawili ya aunsi 18 hayawi sawa mkononi. Moja uzito wake umesambaa, jingine umejazwa mbele kwenye unene wa kupigia mpira, kama nyundo. La pili waachie wakubwa wenye nguvu. Na kama una mizani ya jikoni, pima. Usishangae ikisoma aunsi moja zaidi ya ilivyoandikwa.

Hatua ya 4: Jaribio la mkono mmoja

Alishike kwenye mpini kwa mkono mmoja, aunyooshe pembeni usawa wa bega, ahesabu polepole hadi 20, ikiwezekana 30. Ncha ikianza kushuka au mwili kupinda, ni zito. Watoto ni wajanja, akilipenda kwa rangi atakaza meno. Tazama kiwiko chake.

Hatua ya 5: Alumini au kompositi

Alumini ni bei nafuu na liko tayari siku ya kwanza. Kompositi, yaani nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi, ni laini mikononi, halitetemeshi viganja, lakini bei yake inauma, linahitaji kuzoezwa kwa mapigo mia na zaidi huku ukiligeuza kidogo kila pigo, na halipendi baridi. Chini ya nyuzi 15 za Selsiasi hivi linaweza kupasuka. Sisi wa huku, Aprili bado tuna makoti mechini. Mtoto mdogo mnunulie alumini, hela iliyobaki nunua helmeti inayomkaa vizuri.

MASWALI YA WANACHAMA WA KUNDI LETU

Mama wa mapacha, Houston: Asante mwalimu. Wangu wana miaka 10, mmoja mrefu, mwingine kafupi. Naweza kununua moja watumie wote? Maisha magumu.

Jibu: Dada, nunua la yule mfupi. Mrefu atapiga na gongo fupi bila shida kubwa, atakosa kidogo mipira ya mbali tu. Mfupi na gongo refu ndiyo hadithi yangu ya hapo juu.

Papa wa Bukavu, sasa Ohio: Mwalimu, miye nilishanunua, -8, na duka halirudishi. Mtoto anasema ni zito kidogo tu. Nitupe?

Jibu: Usitupe, papa. Mwambie ashike juu zaidi, aache kama inchi moja kati ya mkono wa chini na kitako. Gongo linakuwa jepesi hapo hapo. Kama bado anachelewa, mazoezini atumie la timu, hilo lisubiri mwakani. Mradi tu lina muhuri wa ligi yake.

Baba Mkenya, Seattle: Niko na swali. Nimeona moja ya mkono wa pili kwa mtandao, kompositi, bei poa sana. Nichukue?

Jibu: Ukiweza kulishika kwanza, ndiyo. Pitisha ukucha kuzunguka unene wote, nyufa za kompositi ni nyembamba kama unywele. Kofia ya kwenye ncha isicheze. Muulize muuzaji kama lilitumika kwenye zile mashine za kulipia zinazorusha mipira ya mazoezi, ya njano yenye vishimo. Ile ni migumu, inayaua magongo. Akikataa kukutumia picha ya muhuri, achana naye.

Kocha wa kujitolea, Dar es Salaam: Salaam kaka. Huku mchezo umekuja kwa mkono wa Wajapani, hata uwanja wa pale Azania Sekondari walitusaidia, na vifaa vingi vinatoka kwao. Gongo nililonalo limeandikwa sm 78 na gramu 560. Nalisomaje?

Jibu: Waalaikum salaam, mwalimu. Gawa sentimita kwa 2.54, unapata inchi 30.7. Gawa gramu kwa 28.35, unapata aunsi 19.8 hivi. Dropu yake ni kama -11, jepesi, linamfaa wa miaka 11 au 12. Ila angalia jambo moja: Japani wana mchezo wa mpira wa raba na wa mpira mgumu, na magongo yake ni tofauti. La raba ukilipigia mpira mgumu linabonyea au kupasuka. Mpe Mjapani yeyote hapo akusomee maandishi.

Mama wa binti, Minneapolis: Wangu anacheza softiboli, ile ya mpira mkubwa. Ni yale yale?

Jibu: Kupima ni kule kule, kifua na mkono. Gongo ni jingine: lao ni jembamba, unene inchi 2¼, wakati la besiboli linaruhusiwa hadi 2⅝. Usikubali muuzaji akuambie yote sawa.

Mama wa mapacha, Houston: Nimerudi. Nimelipata la inchi 28, -10. Sasa wanagombania nani alale nalo.

Jibu: Lilale sebuleni. Na msiliache kwenye gari na joto hilo la Texas.