Jinsi tunavyoajiri developa bila kubahatisha, hatua kwa hatua

Wakuu, naongoza timu ndogo ya madevelopa, yaani waandishi wa programu za kompyuta, hapa Kijitonyama, Dar, na utaratibu huu ndo umetuokoa na kuajiri watu kwa kuangalia CV nzuri tu.

Hatua ya 1: andikeni kazi yenyewe kabla ya tangazo. Sisi mara ya mwisho tuliandika sentensi moja, "aunganishe malipo ya simu na mfumo wetu, na yakikwama ajue pa kuanzia", basi ile habari ya digrii na uzoefu wa miaka mitano ikajifuta yenyewe. Na mshahara uwekeni wazi jamani, mtu anatoka Mbagala kapanda daladala mbili, anafika ndo anatajiwa hela ambayo asingeitikia hata kwenye simu, sio uungwana.

Hatua ya 2: mpe jaribio linalofanana na kazi. Hapa ndo penyewe. Sisi tunampa programu ndogo yenye kosa: mteja kaweka elfu kumi kwa simu, mtandao umetuma taarifa ya malipo, mfumo wetu ukachelewa kujibu, taarifa ikatumwa tena, sasa salio linasoma 20,000. Anapewa masaa mawili, bando na muda wake tunalipia. Anayebahatisha ataziba kwa kukataa malipo yenye kiasi na dakika ile ile, kumbe mteja anaweza kweli kuweka elfu kumi mara mbili ndani ya dakika moja na zote ni zake. Anayeijua kazi anauliza kwanza namba ya muamala iko wapi, anaifunga isijirudie kwenye database (hifadhi ya taarifa za mfumo), ya pili ikija mfumo unajibu tumepokea ila salio hauligusi. Ila usimpe kazi halisi ya kampuni aifanye bure, huo ni wizi.

Hatua ya 3: kwenye intavyuu maswali yawe yale yale kwa wote, na kila mmoja aandike alama zake kabla hamjaongea. Nimeshakaa kwenye paneli bosi akasema "huyu kijana yuko vizuri" mtu hajafunga hata mlango, wote tukainamia huko huko. Wanasaikolojia wa kazi, Schmidt na Hunter, mwaka 1998 walipokusanya tafiti za miaka 85 waliona maswali yaliyopangwa yanatabiri utendaji kuliko maongezi ya kujiachia, na miaka ya uzoefu inatabiri kidogo sana.

Hatua ya 4: mkataba wa maandishi mapema, sheria ya ajira ya 2004 inataka hivyo. CV za watu msizirushe kwenye grupu la WhatsApp, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Hatua ya 5: jibu kila aliyefanya jaribio, kukaa kimya kunaumiza watu sana. Sisi tunaandika hivi: "Habari, nafasi amepata mwingine. Ulipata 13 kwa 20, kosa uliliona vizuri ila hukuandika kipimo cha kuthibitisha kuwa limeisha. Ikitoka nyingine tutakutafuta." Ni dakika tatu tu, na namba zao tunazitunza kweli.