Somo: Jinsi ya kucheza Monopoly kwenye simu mpaka ushinde

Wakuu habari za jioni. Juzi niliahidi kuleta somo la Monopoly ya kwenye simu, ule mchezo wa ubao wa kununua mitaa na kutoza kodi wanaotua, mana naona wengi wanaipakua, wanacheza mara mbili tatu, wanapigwa na kompyuta alafu wanaifuta wakisema ni mchezo wa bahati. Hapana. Dadu zina sehemu yake, ila anayeshinda mara nyingi ni yule anayejua kubadilishana mitaa, na kwenye simu hilo ndo linasahaulika kabisa kwasababu simu inakufanyia kila kitu kingine, inarusha dadu, inahesabu hatua, inakata kodi, inarudisha chenji, kwahiyo mtu anabonyeza tu rusha, nunua, maliza, rusha, nunua, maliza mpaka anafilisika na hajui kilichomuua.

Nitaenda hatua kwa hatua. Maswali weka chini ntajibu yote.

HATUA YA 1: Panga sheria kabla hujaanza

Ukifungua mchezo mpya unapewa uchague: kucheza na kompyuta, kucheza na watu wa mtandaoni, au simu moja mnapokezana. Mimi nashauri uanze na kompyuta michezo mitano hivi, alafu uje kwa watu.

Kabla ya kuanza fungua mpangilio wa sheria uangalie mambo mawili. La kwanza mnada uwe umewashwa. Sheria halisi ni kwamba mtu akifika mtaa usio na mwenyewe akakataa kununua, mtaa unapigwa mnada hapohapo na kila mtu anaruhusiwa, hata yeye aliyekataa. La pili, ile kona ya Free Parking isiwe na hela. Majumbani wengi tumezoea kuweka faini pale katikati alafu anayefika anazoa, lakini kwenye sheria halisi pale ni pa kupumzika tu hupati kitu. Mkiweka hela pale mchezo unakuwa mrefu sana, anayekaribia kufa anafufuka kila mara, mnakesha.

HATUA YA 2: Zijue namba

Ubao una boksi 40. Mitaa yenye rangi ni 22, stesheni za treni 4, na kampuni za umeme na maji 2. Unaanza na 1,500 na kila ukipita GO (boksi la kuanzia) unapewa 200. Majina ya mitaa yanategemea toleo, la Marekani lina mitaa ya Atlantic City, la Uingereza lina mitaa ya London na ndo lile wengi huku tumelizoea, Old Kent Road mpaka Mayfair. Mimi natumia la London. Rangi na bei ni zilezile.

HATUA YA 3: Mzunguko wa kwanza na wa pili nunua

Usichague sana mwanzoni. Hela ikikaa mfukoni haikuletei kodi, na kila mtaa unaonunua hata kama huutaki, kuna mtu mezani anauhitaji akamilishe rangi yake ndo aweze kujenga nyumba, na huyo ndo mteja wako wa baadae. Kampuni za umeme na maji mimi naziruka kama hela imebana. Ukimiliki moja kodi ni mara 4 ya namba ya dadu, zote mbili ni mara 10, na haziongezeki hata ukae nazo mwaka.

HATUA YA 4: Elewa jela, utaelewa mchezo wote

Hapa naomba msome taratibu.

Boksi ambalo watu wanalala sana kuliko yote ni jela. Unaingia kwa kufika ile kona ya polisi, kwa kadi ya Chance, kwa kadi ya Community Chest (kadi unazookota ukitua kwenye boksi zenye majina hayo), au kwa kurusha dadu pacha, yaani mbili zenye namba sawa, mara tatu mfululizo. Kwahiyo watu wengi safari yao inaanzia pale jela. Sasa dadu mbili zina namna 36 za kuanguka, 7 inatoka kwa namna 6, na 6 na 8 kila moja kwa namna 5, wakati 2 na 12 zina namna moja moja tu. Chukua kidole uhesabu kutoka jela: hatua ya 6 ni Bow Street, ya 8 ni Marlborough Street, ya 9 ni Vine Street. Zote tatu rangi ya chungwa! Yaani mtu akitoka jela, namna 14 kati ya 36 zinamtupa kwenye chungwa kwa mrusho mmoja. Alafu kuna kadi ya Chance ya rudi nyuma hatua tatu, ukiwa kwenye ile Chance ya upande wa nyekundu inakurudisha Vine Street.

Na bei yake ni ya mtu wa kawaida. 180, 180, 200, nyumba moja 100. Linganisha na Park Lane na Mayfair zile bluu iliyokoza, 350 na 400, nyumba moja 200, na zipo mbili tu kwahiyo watu wanazipita. Kila mgeni anakimbilia Mayfair kwasababu ina jina kubwa na kodi ya hoteli ni 2,000, sawa, lakini ni nani amefika? Chungwa kwanza, nyekundu ya pili, bluu ya anga ya tatu kwa ajili ya mwanzo mana ni rahisi kujenga. Kijani mimi siigusi labda nipewe.

HATUA YA 5: Kubadilishana, hapa ndo pa kushindia

Ni nadra sana mtu kupata rangi nzima kwa kutua mwenyewe. Mkiwa watu wanne mitaa inaisha kununuliwa kila mtu ana kimoja kimoja cha kila rangi, na mchezo unaganda. Anayefungua mdomo kwanza ndo anaanza kuishi. Kwenye simu kuna kitufe cha kubadilishana, bonyeza picha ya mchezaji, chagua mitaa yake unayotaka, chagua ya kwako unayotoa, ongeza hela kama inahitajika, tuma. Kitufe kipo pale muda wote ila nimecheza na watu mtandaoni mchezo mzima hakuna aliyekigusa.

Nitoe mfano. Wiki iliyopita umeme umekatika, mimi na mdogo wangu tukakaa kibarazani na simu moja, charge 40. Mimi nina Bow Street, Marlborough Street na Park Lane. Yeye ana Vine Street na Mayfair. Nikamwambia nakupa Park Lane, nipe Vine Street na 150 juu. Akaruka! Kaona amepata bluu nzima, mitaa ya kifalme. Akakubali kabla sijamaliza kuongea. Ila nilikuwa nimeshaangalia mfuko wake, alibakiwa na 180, na nyumba moja ya bluu ni 200. Hawezi kujenga hata moja. Mimi nilikuwa na 1,100 na kitu, nikajenga nyumba 9 kwa 900, tatu kila mtaa. Zamu mbili baadae akaenda jela. Akarusha, nne na nne, pacha, akatoka jela anafurahi, simu ikaanza kuhesabu ile kete yake kiatu, tak tak tak, hatua nane, Marlborough Street. 550. Akanyamaza akaangalia ile namba nyekundu, alafu akaanza kuweka rehani Mayfair.

Kwahiyo kabla ya kutuma ombi angalia vitu viwili: mwenzako akipata rangi yake ana hela ya kujenga? Na wewe unayo? Jibu likiwa yeye hana na wewe unayo, badilishana hata kama mtaa unaotoa una bei kubwa kuliko unaopokea. Bei iliyoandikwa kwenye kadi sio thamani ya mtaa.

HATUA YA 6: Nyumba tatu, usikimbilie hoteli

Angalia kodi ya Bow Street. Nyumba 1 ni 70, nyumba 2 ni 200, nyumba 3 ni 550. Umeona huo mruko wa kutoka mbili kwenda tatu? Karibu rangi zote ziko hivyo. Ya nne inaenda 750, hoteli 950, inaongezeka ila sio kwa kasi ile. Ukifika tatu kila mtaa tulia, kusanya hela ya akiba kwanza.

Kujenga lazima kwa usawa, huwezi kuweka nyumba ya pili kabla mitaa yote ya rangi ile haijawa na moja moja.

HATUA YA 7: Rehani na kadi, kwa ufupi

Ukibanwa, weka rehani mitaa ya kimoja kimoja kwanza. Unapewa nusu ya bei, kukomboa unalipa hiyo nusu na asilimia 10 juu. Nyumba usiuze mpaka ushindwe kabisa mana benki inakununulia kwa nusu ya ulichojengea.

Kadi zipo 16 za Chance na 16 za Community Chest. Chance nyingi zinakuhamisha mahali, kwenye toleo la Marekani ni 10 kati ya 16. Community Chest nyingi ni za hela. Huwezi kuzipangia, kaa na akiba ya kama 200 ukiwa unazikaribia.

MASWALI

Swali: Mkuu asante kwa somo. Mbona mimi nikifungua dadu zinaisha, naambiwa nisubiri au ninunue, na kitufe cha kubadilishana mitaa sikioni kabisa?

Jibu: Umepakua Monopoly Go, ile iliyotoka 2023. Ule ni mchezo mwingine ndugu yangu, umechukua jina na picha tu. Kule mitaa haununui kwa kushindana, unazunguka unakusanya hela na stika, na dadu zinauzwa kwa hela halisi. Tafuta ile yenye ubao kamili na wachezaji kuanzia wawili. Na kama simu inatumika na watoto, funga malipo ya dukani kwanza, tafadhali sana.

Swali: Nikiwa jela napokea kodi au inasimama?

Jibu: Unapokea kama kawaida, na unaweza kujenga na kubadilishana. Ndo mana mwanzoni lipa 50 utoke haraka ukanunue mitaa, ila mwishoni ubao ukijaa nyumba za watu kaa humohumo, rusha tu dadu mpaka zamu ya tatu ambayo ni lazima utoke.

Swali: Mimi naamini kompyuta inaiba dadu. Haiwezekani inipige pacha mara tatu.

Jibu: Nakuelewa, inauma. Lakini pacha inatoka mara moja kati ya sita, tatu mfululizo ni mara moja kati ya 216, na mchezo mmoja una mirusho mingi sana kwahiyo lazima ukutane nayo siku moja. Chukua daftari andika mirusho 100, ya kwako na ya kompyuta, uone zinavyokaribiana.

Swali: Mbona stesheni za treni hukuzisemea? Mimi nikipata zote nne sishindwi.

Jibu: Nakubaliana na wewe nusu. Nne zinakugharimu 800 na kila anayetua anakulipa 200 bila wewe kujenga chochote, mwanzoni ni hela tamu sana. Shida inaishia hapohapo, haipandi tena, na mwenzako akifika nyumba tatu wewe unampa 550 yeye anakupa 200. Zitumie kukusanya hela ya kujengea rangi nyingine.

Swali: Kaka mimi ni mwalimu, nataka kuwachezesha wanafunzi wangu lakini naogopa nawafundisha kufilisi wenzao. Unaonaje?

Jibu: Dada swali zuri na nimefurahi umeuliza. Aliyeanzisha mchezo huu alikuwa na wasiwasi kama wako. Ni mwanamke wa Marekani, Lizzie Magie, alipata hataza (hati ya kulinda ubunifu wake) mwaka 1904 kwa mchezo aliouita The Landlord's Game, na lengo lake lilikuwa watu waone kwa macho jinsi mwenye ardhi anavyotajirika wapangaji wakiisha. Akaweka mpaka sheria za namna mbili, moja ya kumeza wenzako na nyingine ambayo utajiri ukiongezeka kila mtu anafaidi. Mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers ikaanza kuuza Monopoly, sifa akapewa mwanaume anaitwa Charles Darrow, na yeye Magie hataza yake ilinunuliwa kwa dola 500. Wasimulie wanafunzi hiyo habari kwanza, alafu wacheze, alafu waulize aliyefilisika kosa lake lilikuwa nini. Mara nyingi wataona hakukosea kitu, alichelewa tu kufika.

Swali: Nina rangi nzima na hela 900 lakini kitufe cha kujenga kimefifia, hakibonyezeki. App imeharibika?

Jibu: Haijaharibika. Angalia kwanza kama kuna mtaa wa rangi hiyo upo rehani, ukiwa hata mmoja huwezi kujenga popote kwenye hiyo rangi. Kama zote zipo safi basi nyumba zimeisha benki. Mchezo una nyumba 32 na hoteli 12 tu, zikiisha zimeisha, mpaka mtu auze au apandishe hoteli nyumba zirudi. Hesabu nani ameshikilia nyumba nne nne na anakataa kupanda hoteli, huyo anakubania makusudi. Mtumie ombi la kubadilishana, mpe kitu kitakachomfanya apate hela ya hoteli, na zile nyumba zake zikirudi benki wewe jenga zamu hiyohiyo.